Siku Moja ya Jembe

Mwaka wa saba nawachapia watu karatasi zao
hapa Kiboriloni, nyuma ya mitumba:
barua za kuomba kazi, mitihani ya darasa la nne,
ratiba za mazishi, na kadi za kipaimara
zenye njiwa pembeni ambaye hajawahi kukaa sawa.
Mia tano ukurasa. Wenye picha, tunaongea.

Na mwaka wa saba nachapa kwa programu ya wizi.
Sikuiba mimi. Niliuziwa sidii pale stendi, elfu tano,
juu imeandikwa kwa kalamu nene: ORIJINO.
Siku moja ukatokea ukanda mwekundu kwenye kioo:
leseni yako si halali.
Tangu hapo, kila asubuhi kabla ya chai,
mashine yangu mwenyewe inaniita mwizi
mbele ya mteja wa kwanza.
Halali ni magunia mawili ya mahindi kwa mwaka,
na mwakani mawili tena,
kama kodi ya nyumba usiyoruhusiwa kugongelea msumari.

Julai, baridi imeng'ata vidole, akaja Aikande fundi
na flashi shingoni, ameitundika kwa kamba ya kiatu.
"Ipo nyingine," akasema. "Haina mwenye duka."
"Bei?"
"Bure."
Nikacheka. Bure nalijua, lina sura mbili:
nimepewa bure, nimesumbuka bure,
na yule shemeji yangu, mtu bure.
Mama alisema kisicho na bei kina kesi.
"Basi usiiite ya bure," sauti ikatoka chini ya meza,
alikuwa akitafuta soketi.
"Iite huru."

Sitadanganya. Wiki ya kwanza niliilaani.
Vitufe vilihama kama wapangaji wenye deni.
Mtihani wa Mwalimu Ndekirwa ulipofunguliwa shuleni,
kwenye kompyuta yao ya kulipiwa,
swali la nne likawa limeporomokea ukurasa wa pili
na pembetatu imebaki peke yake, haiulizwi kitu.
Alirudi amevimba. Nikamchapia upya, sikumtoza.

Kisha Anaeli, katibu wa mfongo kule Mbokomu,
buti zina tope, na muhtasari wa kikao
kaandika nyuma ya kalenda ya mwaka juzi.
Yeye anasoma, mimi nachapa.
Maji hayauzwi.
Kila anayenywesha shamba atoe siku moja ya jembe.
Atakayeona ukingo umebomoka akapita kimya,
debe la mbege.
Aliyechimba kwanza hatumjui, kwa hiyo mfongo si wa mtu.

Vidole vikasimama.
Anaeli akatazama taa, alidhani umeme umekatika.

Jioni ile niliteremsha mlango nusu, nikabaki ndani.
Kwenye menyu ya Kiswahili kuna mahali,
pale unapokosea ukataka kurudi nyuma,
pameandikwa Vunja.
Nimepapita kila siku, nikisonya.
Mtu fulani alilitafsiri, sijui wapi,
usiku wake, hakuna aliyemlipa,
pengine mtoto analia chumba cha pili.
Nikampigia Aikande, akanielekeza pa kuandika.
Nikaandika: Sisi hatuvunji. Tunatengua.
Mtu hutengua kauli, na kesho anasalimiwa.
Nikaweka jina, Ndeshimuni, Moshi,
nikafuta Moshi, nikairudisha.

Miezi minne, kimya.
Nikasahau. Mvua za vuli zikaja, wino ukapanda bei.

Leo Aikande kaweka toleo jipya.
Nilikuwa na mteja, anataka barua ya benki, ana haraka.
Nikafungua menyu. Nikaifunga. Nikaifungua tena.
"Mama, mbona unacheka?"
"Hakuna kitu," nikamwambia,
na katika jina lake, makusudi kabisa,
nikakosea herufi moja
ili nipate kubonyeza Tengua.